Barua Ndani ya Kopo la Chaki

Kishanda, Jumapili, 1 Oktoba

Kwa miaka ishirini na mmoja nimeficha barua. Imo ndani ya kopo la chaki, juu ya kabati la chumba hiki, nyuma ya redio iliyokufa. Aliiandika daktari mmoja wa Bukoba kuhusu mke wangu Joviana, mwaka 2002, Joviana alipokuwa na miaka hamsini na mmoja na mwili wake ulipoanza kumgeuka. Iliandikwa kwa Kiingereza. Joviana alisoma mpaka darasa la nne na Kiingereza hakukijua, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsomea. Nilimsomea vibaya. Yeye akafuata nilichosoma, neno kwa neno, mpaka kikamlaza kitandani, na kutoka kitandani kikampeleka kibanjani, kati ya migomba, chini ya msalaba wa saruji ninaouona kupitia dirisha hili.

Naitwa Avit Rugemalira. Nina miaka themanini. Nilifundisha miaka thelathini na mitano, kumi na miwili ya mwisho nikiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi hapa hapa kijijini. Moyo wangu umechoka na miguu imevimba. Daktari wa Muleba alimwambia binti yangu Renatha, akidhani sisikii, kwamba huenda nisifike Krismasi. Renatha ameacha kazi yake Bukoba kwa muda, amefunga nyumba yake ya Kibeta, amekuja kuniuguza. Daftari hili ameninunulia yeye, akidhani nitaandika habari za ukoo.

Nataka kumwambia kabla sijafa. Naanza kwa kuandika, kwa sababu kusema sijaweza.

Jumatatu, 2 Oktoba

Mvua. Nesi wa zahanati ameagiza nitembee kidogo kila siku. Renatha anahesabu. Leo hatua kumi na nne, kutoka kitandani mpaka mlangoni.

“Kesho kumi na tano, Tata.”

“Kwani ni mashindano?”

“Ndiyo. Unashindana na kitanda.”

Alhamisi, 5 Oktoba

Wakati wa chakula cha mchana Renatha alikuwa ananipakulia ndizi na maharage. Ghafla akaacha mwiko ndani ya chungu. Uso ulilowa jasho, shingo ikawa kama aliyemwagiwa maji. Alifungua mlango akasimama ukingoni mwa baraza, mvua ikimrukia.

“Unaumwa?”

“Siumwi, Tata. Ni joto tu. Linakuja na kuondoka lenyewe.” Akajipepea kwa kifuniko cha sufuria, akacheka. “Uzee umenibishia hodi.”

Ana miaka hamsini na mmoja. Sikumaliza chakula.

Joviana naye alianza hivyo hivyo. Kila Jumamosi alikuwa anakwenda rweya, kwenye uwanda wa nyasi juu ya kijiji, anakata nyasi mbichi na kuzitandaza sebuleni, kama wanavyofanya bado katika nyumba chache hapa. Joto lilipomjia usiku alitoka kitandani akaenda kulala juu ya nyasi zile, kwa sababu zilikuwa za baridi. Asubuhi nilimkuta pale, nyasi zimemchora mistari shavuni. Nilidhani anakimbia kitanda changu. Sikumuuliza. Nilikuwa mwalimu wa sayansi pia, nilifundisha mwili wa binadamu miaka yote hiyo, na kila mwaka nilipofika kwenye ukurasa unaohusu wanawake nilisema, “Hapa mtajisomea wenyewe nyumbani.”

Jumamosi, 7 Oktoba

Hatua kumi na saba. Mvua.

Jumatano, 11 Oktoba

Amekuja Benadetha. Alikuwa rafiki mkubwa wa Joviana. Ana miaka sabini na minne na amekuja kwa miguu kutoka upande wa kanisa, raba nyeupe chini ya kitenge, matope mpaka magotini.

“Hodi kwa nshomile!” alipiga kelele toka uani. Ndivyo anavyoniita toka zamani. Kwa Kihaya maana yake nimesoma, na yeye hulitamka kama mtu anayetema mbegu ya chungwa.

“Karibu.”

“Bado upo, Mwalimu?”

“Bado nipo.”

“Mungu anakusubiri umalize kusahihisha madaftari.”

Renatha alipiga goti kumwamkia, akamletea kahawa za kutafuna kwenye kisahani. Benadetha alimtazama anavyoinuka, mkono mmoja kwenye goti, mwingine ukutani.

“Wewe, mtoto wa Joviana! Unainuka kama ng’ombe aliyezaa jana. Kesho alfajiri nakupitia. Tuko wanawake kumi na wanane, tunatembea kutoka kanisani mpaka rweya na kurudi. Jumatano na Jumamosi tunacheza netiboli uwanja wa shule. Mdogo ana arobaini na minne. Mkubwa unamwona. Majoto ya umri wako hayaishi, nisikudanganye, lakini utalala, na mifupa itakuheshimu.”

“Siwezi, Ma Benadetha. Mifupa ya kwetu haitaki. Mama alikatazwa.”

“Alikatazwa na nani?”

“Na daktari. Kwa barua. Alisema mwili ukishafika hapo, kutembea sana na kubeba vitu kunaisaga mifupa. Akae, apumzike. Tata ndiye aliyemsomea.”

Benadetha aliacha kutafuna. Akanigeukia.

“Ni daktari gani huyo anayemkataza mwanamke kutembea?”

“Wa Bukoba,” nilisema.

“Na barua iko wapi?”

“Ilipotea. Tulipoezeka upya.”

Kopo lilikuwa juu ya kichwa chake, umbali usiofika hata mkono mmoja.

Alhamisi, 12 Oktoba

Jana ilikuwa nafasi. Nikaipoteza kwa maneno matatu. Na sasa najua jambo ambalo sikulijua: uongo ule haukuzikwa na Joviana. Binti yangu anaufuata. Anakaa kwa sababu mama yake alikaa.

Jumatano, 18 Oktoba

Mvua imetulia mchana. Nitaandika jinsi ilivyokuwa.

Mwaka ule, kabla ya barua, Joviana alikuwa mtu mwingine ndani ya nyumba. Alisahau chumvi. Alilia kuku alipokufa, yeye aliyechinja kuku maisha yake yote. Alifungua madirisha mimi nikiyafunga. Alinenepa tumboni, magoti yakamuuma, na neno dogo lilimwasha kama kiberiti. Ndipo Benadetha alipoanza kumchukua asubuhi. Kwanza nilifurahi, nyumba ilikuwa na utulivu.

Baada ya miezi mitatu alikuwa amebadilika tena. Alilala. Alipandisha ndoo kutoka kisimani bila kupumzika njiani. Alijinunulia traksuti ya bluu ya mitumba, akaivaa chini ya gauni, na siku za netiboli alilivua gauni kabisa akalitundika kwenye mti wa goli. Uwanja ulikuwa wa shule yangu. Watoto walijazana madirishani: “Mke wa mwalimu mkuu! Mke wa mwalimu mkuu ameudaka!”

Jioni moja pale chama cha kahawa, mkulima mmoja, Kagaruki, alinipokea mbele ya wanaume wote. “Mwalimu, tumesikia mkeo ameanza darasa la kwanza upya. Umeshamwandika kwenye rejista?” Walicheka. Mimi pia nilicheka. Nilicheka mpaka kona ya njia.

Majoto hayakumwisha, na Joviana, aliyekuwa makini, alikwenda Bukoba kumwona daktari ajue kama mchezo unamdhuru. Akarudi na barua.

Jumatatu, 23 Oktoba

Mvua ya mawe. Migomba mitatu imelala. Hatua ishirini na mbili.

Ijumaa, 27 Oktoba

Renatha ameteleza kati ya jiko na nyumba, akiwa na ndoo nusu tu. Aliweka mkono chini. Nilisikia kutoka kitandani, kama kijiti cha kuni kikivunjika. Nimeita majirani kwa kupiga fimbo kwenye bati. Wamempakia bodaboda kwenda Muleba. Ni saa tisa na bado hajarudi.

Baadaye. Amerudi. Mfupa wa mkono wa kushoto umepasuka juu ya kiganja. Wamemfunga plasta mpaka karibu na kiwiko.

Jumamosi, 28 Oktoba

Alikaa kando ya kitanda changu akimenya ndizi kwa mkono mmoja, akiibana kwa magoti.

“Acha, waje wakusaidie.”

“Nitakaa tu bila kazi?” Akachukua ndizi nyingine. “Tata, yule daktari ni kijana, lakini ameniambia maneno ya ajabu. Anasema kuanguka kule hakukupaswa kuvunja kitu. Anasema hedhi ikikoma mifupa huanza kuwa myepesi, na dawa ya kwanza ni kutembea, kubeba uzito wa kadiri, maziwa, dagaa, jua. Nikamwambia, daktari, mama yangu aliambiwa kinyume chake. Akashangaa. Akaniuliza mama alikuwa na ugonjwa gani wa pekee. Nikasema sijui, barua ilipotea.”

“Na wewe utafanyaje?”

“Nitakaa. Yeye haijui mifupa ya kwetu. Mama alikaa kimya miaka tisa, hakubeba hata mtungi, na bado nyonga ikavunjika juu ya nyasi za sebuleni. Je, angetembea ingekuwaje?”

Sentensi hiyo niliitunga mimi. Niliisema kwenye mazishi ya Joviana, mwaka 2012, mbele ya watu mia tatu, nikawaona wakitikisa vichwa kwa huruma. Binti yangu ameitunza miaka kumi na moja kama mtu anavyotunza picha ya ubatizo.

Jumapili, 29 Oktoba

Sikutembea. Nilisema kifua kinabana. Kilikuwa kinabana, lakini si kwa moyo.

Alhamisi, 2 Novemba

Marehemu Wote. Wamepalilia kaburi la Joviana. Renatha ameweka mshumaa ndani ya chupa, mvua isiuzime. Nimetazama dirishani.

Ijumaa, 3 Novemba

Ijumaa ya kwanza ya mwezi, Padre Julius huzungukia wagonjwa. Renatha alitoka nje, nikaungama. Nilimweleza habari ya barua. Nilimwambia kwamba siku ile nilikuwa nimesahau miwani shuleni, nikaona aibu kusema kwamba sioni, nikabahatisha maneno; na nilipokuja kugundua kosa, nikaona aibu zaidi.

Padre ni kijana, anaweza kuwa mjukuu wangu. Aliinama kunisogelea.

“Umemwambia binti yako?”

“Bado.”

“Basi kitubio chako ni hicho, mzee wangu. Sikupi Salamu Maria hata moja. Mwambie.”

Akaniondolea dhambi. Nilipokea komunyo.

Alhamisi, 9 Novemba

Senene wameanguka. Kijiji kizima kiko rweya tangu alfajiri, kelele zinafika mpaka hapa. Renatha ameletewa ndoo, ananyonyoa mabawa kwa mkono mmoja, anakaanga, anakula akisimama.

Joviana aliokota senene miaka arobaini ndani ya nyumba hii, akawanyonyoa, akanikaangia, akaniletea. Hakuwahi kuonja hata mmoja. Aliambiwa na mama yake kwamba mwanamke hali senene, ikatosha. Alikuwa mtu wa kuaminika, na alidhani wanaomwambia mambo ni wa kuaminika pia.

Jumapili, 12 Novemba

Nimemwambia.

Alikuwa amerudi misani, ameketi barazani miguu ndani ya beseni, joto limempanda. Nilimwita. Nikamwomba apande kwenye kiti, ashushe kopo la chaki lililo nyuma ya redio.

“La kazi gani, Tata? Utafundisha?”

“Lifungue.”

Alimwaga chaki juu ya blanketi. Barua ilikuwa chini, imekunjwa mara nne, nyeupe kwa vumbi. Aliona jina la mama yake. Akaketi pole pole. Renatha amesoma mpaka chuo, Kiingereza cha barua si shida kwake. Alisoma kwa sauti, akitafsiri kadiri alivyokwenda, na nilimsikia daktari aliyekwisha kufa akisema ndani ya chumba changu, kwa sauti ya mwanangu:

Mama huyu si mgonjwa. Hedhi yake imekoma na mwili unajipanga upya. Joto litakuja na kuondoka, pengine kwa miaka. Alale mahali penye hewa, avae pamba nyepesi, apunguze kahawa na pombe. Ameniambia kwamba anatembea kila siku na kucheza mpira na wenzake. Namsihi asiache. Hiyo ndiyo kinga ya mifupa yake na moyo wake, na pia ndiyo inayompa usingizi na furaha. Ale maziwa, dagaa na mboga za majani. Familia imtie moyo.

Alipofika kwenye familia imtie moyo alikwama. Alisoma mstari huo mara mbili, mara ya pili bila sauti. Mkono wenye plasta ulikuwa juu ya blanketi, ukipakwa chaki.

“Tata. Hii ndiyo barua?”

“Ndiyo hiyo.”

“Mbona inasema kinyume?”

Nilikuwa nimejiandaa tangu kwa Padre. “Miwani niliisahau shuleni siku ile. Mama yako alikuwa anasubiri. Niliona maneno mawili matatu, kutembea, mifupa, mengine nikabahatisha. Unajua mwandiko wa madaktari.”

Alitazama barua. Mwandiko ni mzuri, wa mtu aliyefundishwa na masista. Niliona macho yake yakiuona. Kisha akainua uso, na alinifanyia jambo ambalo sikustahili: alinitafutia udhuru.

“Uliona aibu,” alisema. “Mwalimu mzima, kumwambia mkeo kwamba huoni.”

“Ndiyo.”

“Na baadaye ulipogundua?”

“Alikuwa amekwisha kuketi. Niliogopa.”

Akalia. Alilia kwa ajili ya mama yake, kwa sauti, kama siku ya maziko. Halafu akashuka chini, akaishika miguu yangu iliyovimba, akaweka paji la uso juu yake. “Hukukusudia, Tata. Umebeba hii peke yako miaka yote. Hukukusudia.”

Niliweka mkono juu ya kichwa chake.

Jumatatu, 13 Novemba

Saa kumi na mbili asubuhi nilisikia mlango. Ameenda. Alirudi baada ya saa nzima, raba zimejaa matope, anahema, umande kwenye nywele. Alipita dirishani akanipungia mkono wa plasta.

Jumamosi, 18 Novemba

Mkono haumruhusu kucheza, kwa hiyo wamempa filimbi. Amekuwa mwamuzi. Benadetha alimtukana uwanjani kwa sababu ya faulo, ameniambia, akicheka mpaka akaketi. “Ananiambia, wewe mtoto, macho umerithi kwa baba yako!”

Amelala vizuri siku nne mfululizo. Anasema joto bado lipo, lakini sasa haliogopi. Hatua zangu arobaini.

Sijawahi kuwa na wiki nzuri hivi tangu mke wangu afe, na kila asubuhi nageukia ukutani.

Jumatano, 22 Novemba

Benadetha amekuja peke yake, Renatha akiwa sokoni. Hakupiga hodi ya utani. Aliketi kwenye kiti cha Renatha, akaweka mikono magotini.

“Mtoto ameniambia habari ya miwani.”

“Ndiyo.”

“Mwalimu, kijiji hiki kizima kilikuletea barua. Za mahakama, za watoto walioko Dar, za hospitali. Hukuwahi kubahatisha hata ya mlevi. Ukiwa huna miwani ulisema, rudi kesho.”

Nilitazama redio juu ya kabati.

“Na Joviana aliniambia ulimsomea mara mbili.”

“Benadetha.”

“Mara mbili, Mwalimu. Au mara ya pili pia miwani ilikuwa shuleni? Ulikuwa umekwisha kustaafu.” Aliinuka. Nilidhani atanilaani. Alinivutia blanketi mabegani, kama anavyofunikwa mtoto. “Mimi sitamwambia. Si barua yangu.”

Alhamisi, 23 Novemba

Ndiyo, mara mbili. Ilikuwa mwaka 2008. Joviana alikuwa amekaa miaka sita. Magoti yalikuwa yamekauka, mgongo umeinama, traksuti ameigawa. Wanawake walikuwa wanapita njiani asubuhi, yeye akiwa barazani anachambua maharage, wakamwita wakimtania, naye akawapungia. Siku moja walipokwisha kupita aliniambia:

“Baba Renatha, nisomee tena ile barua. Labda kuna mahali alipoandika mpaka lini.”

Nilikwenda chumbani. Nikafungua kopo. Nikarudi nayo, nikaishika mbele yake, nikapitisha macho kutoka juu mpaka chini.

“Hakuandika,” nilisema.

“Basi,” alisema, akarudi kwenye maharage.

Jumatatu, 27 Novemba

Nimeshindwa kuandika siku tatu. Maji yamepanda kifuani.

Jumatano, 29 Novemba

Jua la asubuhi. Nilimwomba Renatha anipeleke kaburini. Hatua tisini na moja, nikipumzika mara nne, mkono wake mzima chini ya kwapa langu. Amekuwa na nguvu. Nilihisi misuli ya bega lake imeshika kama kamba, nikawaza kwamba mama yake angeweza kunishika hivi leo, angekuwa na miaka sabini na miwili tu.

Alinisimamisha mbele ya msalaba. Kisha akasema, kwa Kihaya, kama anavyozungumza mtu na aliyeko jikoni: “Mae, nimemleta Tata. Barua tumeisoma. Usimkasirikie. Alikosea tu, hakuwa na miwani.”

Upepo ulitikisa migomba, matone yakatuangukia. Renatha alikuwa anatabasamu. Nilimwacha binti yangu amdanganye mama yake kwa ajili yangu, juu ya kaburi lake, kwa moyo safi.

Ijumaa, 1 Desemba

Padre Julius amekuja na komunyo. Nilifunga mdomo. Renatha alidhani ni kichefuchefu, akaleta beseni. Padre alinitazama kwa muda mrefu, akarudisha hostia. “Bado kuna kitu, mzee wangu?” Nilitikisa kichwa kukubali.

Jumapili, 3 Desemba

Renatha yuko jikoni, namsikia akiimba. Nikimaliza ukurasa huu nitamwita, nimpe daftari lote, asome hapa hapa kando ya kitanda. Niliwaza kuliacha alikute baada yangu. Lakini angelisoma peke yake, na asiwe na mtu wa kumkasirikia.

Mwanangu, ilikuwa Jumatano, saa kumi jioni. Mama yako alikuwa ameketi juu ya nyasi za sebuleni, zilizokatwa Jumamosi. Amevaa traksuti na raba, kwa sababu baada ya kusomewa alitaka kuwahi uwanjani. Jasho lilikuwa linamtiririka naye anatabasamu. Niliikunjua barua. Niliisoma yote kimya, mwanzo mpaka mwisho. Kisha nikairudia.

Nimeandika habari za Kagaruki na kicheko cha wanaume. Kilikuwepo, lakini hakikutosha. Jumamosi iliyotangulia nilikuwa ofisini kwangu shuleni, dirisha liko wazi. Nilimwona akiruka kuudaka mpira, akaanguka chali, akabaki amelala pale uwanjani akicheka, mikono wazi, anatazama mbingu, wenzake wamemzunguka. Kicheko kile sikukijua. Niliishi naye miaka thelathini na miwili na sikuwahi kukitoa kwake. Nilisimama dirishani nikangoja atazame upande wangu. Hakutazama. Sikutaka afe, Renatha. Nilitaka arudi nyumbani.

“Anasemaje, Baba Renatha?”

“Anasema upumzike. Uache kutembea, usibebe vitu. Mifupa itasagika.”

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilikaa kidogo, kama halijasikia. Kisha akainama akafungua raba, ya kushoto kwanza, kisha ya kulia, akaziweka pamoja ukutani, pua zikitazama ukuta.

“Ahsante kwa kunisomea,” aliniambia.

Miwani ilikuwa machoni pangu.